Uzi wa madini kwelikweli: zinki, seli za jicho zisizochora picha, na saa ya mwili

#1 Zamu_ya_Usiku

Wakuu, kwema?

Humu tukisifia uzi huwa tunasema una madini. Leo nimeleta madini yenyewe, yale ya kwenye jedwali la kemia: zinki.

Chanzo ni kichupa. Nafanya kazi za zamu, wiki usiku wiki mchana, na usingizi wangu uliharibika siku nyingi. Mwaka jana nikauziwa vidonge vya zinki, miligramu 50 kila kimoja, lebo inasema vinaamsha seli za mwanga za jicho na kurekebisha saa ya mwili. Nikawa nameza kimoja kila nikipanda kitandani, tumbo tupu. Kichefuchefu nilikipata cha kutosha, usingizi sikuuona. Ndipo nikaanza kusoma, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa sababu jambo lenyewe ni tamu.

Tuanze na hizo seli, maana bila kuzielewa habari ya zinki inaelea hewani.

Shuleni tulifundishwa kwamba retina ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga: seli fimbo za kuonea gizani na seli koni za rangi. Kumbe ipo ya tatu. Dalili ilionekana tangu 1923, Clyde Keeler alipokuwa anafuga panya waliozaliwa vipofu kule Marekani. Retina zao hazikuwa na seli fimbo, lakini akiwamulika, mboni zinasinyaa kama kawaida. Yeye mwenyewe akahisi kuna kitu kingine ndani ya jicho kinachopokea mwanga. Wengi hawakumjali. Miaka 75 baadaye, 1998, Ignacio Provencio na wenzake wakakuta protini mpya inayohisi mwanga, na hawakuikuta kwenye jicho kwanza, waliikuta kwenye seli za ngozi ya chura, zile zinazobadili rangi. Wakaiita melanopsini. Baadaye ikaonekana kwenye retina ya panya, na ya binadamu pia.

Jaribio lililonikaa kichwani ni la David Berson na wenzake, 2002. Walichoma rangi inayong'aa ndani ya ubongo wa panya, pale penye saa ya mwili. Rangi ikapanda kinyumenyume kwenye nyuzi za neva mpaka ndani ya jicho, ikazipaka seli chache tu za ganglioni. Hizi ganglioni ndizo seli ambazo nyuzi zao zinaunda mshipa wa fahamu wa jicho, na siku zote ziliaminika kuwa ni matarishi, zinabeba ujumbe wa wengine. Wakazigusa zile zilizopakwa rangi kwa kipimo cha umeme, wakaweka dawa za kukata mawasiliano yote na fimbo na koni, halafu wakawasha taa. Seli zikajibu. Wakaenda mbali zaidi, wakaitenga seli yenyewe na retina yake. Taa ikawashwa, ikajibu tena. Tarishi kumbe naye ana macho!

Kwa binadamu kila jicho lina ganglioni kama milioni moja, na zenye melanopsini ni elfu chache tu. Hazina haraka. Fimbo na koni zinajibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hizi zinachukua sekunde kadhaa kuamka, na zikishaamka zinaendelea kupiga kelele muda mrefu hata taa ikizimwa. Zinapenda zaidi mwanga wa nanomita 480 hivi, buluu ya anga. Kazi yao kubwa ni kuuambia ubongo kama kumekucha au kumekuchwa, picha wanaachiwa wengine.

Ujumbe unapelekwa kwenye fundo dogo chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho mawili inapishana. Kwa panya lina neva kama 20,000. Hapo ndipo saa kuu ilipo. Na saa hiyo haiko sawasawa na jua: kwa binadamu ikiachwa yenyewe inazunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika kumi na kitu. Kila siku inachelewa kidogo. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha. Ukikaa siku kumi bila kurudishwa umeshapotea kama saa mbili.

Zinki naileta ujumbe unaofuata, vidole vimechoka.

#2 Bundi_Mzee

Nimekaa paleee. Tarishi ana macho, hii naiba.

#3 KichwaNgumu

Mkuu umeandika kurasa tatu hujaitaja zinki hata mara moja baada ya kile kichupa. Ndiyo yale yale ya kuvuta watu kwa kichwa cha habari.

#4 Zamu_ya_Usiku

KichwaNgumu tulia, unapelekwa.

Mwili mzima wa mtu mzima una zinki gramu mbili mpaka tatu. Kati ya madini yanayohitajika kwa uchache, yenyewe ni ya pili kwa wingi baada ya chuma. Sehemu kubwa imejificha kwenye misuli na mifupa. Lakini jicho linaikusanya isivyo kawaida, hasa retina na ule utando mweusi unaoilalia kwa nyuma, ambao kazi yake mojawapo ni kuhudumia fimbo na koni.

Inafanya nini humo? Nilichokielewa:

Kwanza, vitamini A. Melanopsini, kama rodopsini ya kwenye fimbo, haihisi mwanga mpaka ishike kipande kilichotengenezwa kwa vitamini A. Na kimeng'enya kinachogeuza vitamini A kuwa kipande hicho kina zinki katikati yake. Bila zinki kimeng'enya hakifanyi kazi, jicho halioni gizani. Ndiyo maana watu wenye upungufu wa zinki wanapata upofu wa usiku.

Pili, mawasiliano. Kwenye ncha za fimbo na koni, pale zinapoongea na seli zinazofuata, kuna zinki iliyo huru. Inatoka pamoja na glutameti, ile kemikali ya kupitishia ujumbe, na inabadilisha jinsi seli jirani zinavyosikia. Ni kama mkono unaoshusha sauti ya redio.

Tatu, saa yenyewe. Hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Ndani ya kila seli, saa inaendeshwa na protini zinazotengenezwa, zinajazana, zinazima jeni zilizozitengeneza, zinaoza, jeni zinawaka upya. Mzunguko mmoja ni kama siku moja. Mbili kati ya hizo zinaitwa PER na CRY, na lazima zishikane ndipo zizime. Mwaka 2014 watafiti walipata umbo la CRY1 ikiwa imekumbatiana na PER2, na mahali zinapogusana wakakuta chembe moja ya zinki. CRY imetoa mikono miwili, PER imetoa mikono miwili, yote minne imeshika zinki ile ile. Kama kifungo cha shati: upande huu kitambaa, upande huu kitambaa, kifungo katikati. Ukibadilisha ile mikono isiweze kushika zinki, kukumbatiana kunalegea.

Kwa hiyo jichoni ipo, kwenye saa ipo. Lebo ya kichupa imedanganya wapi? Hapo ndipo nataka tuongee.

#5 mkemia_mstaafu

Kijana, umeandika vizuri lakini hiyo hoja ya kwanza imepinda. Usikasirike.

Kimeng'enya chenye zinki unachokisema ni kile cha ini kinachovunja alkoholi, kinaitwa dihidrojenasi ya alkoholi. Hicho kweli kina zinki, na kwenye maabara kinaweza kugeuza vitamini A. Vitabu vya zamani vilikichukua vikakihamishia jichoni. Lakini vimeng'enya vinavyofanya hiyo kazi ndani ya retina ni vya ukoo mwingine, ukoo wa dihidrojenasi fupi, na hivyo havihitaji zinki. Nimefundisha jambo hili kimakosa miaka mingi kabla sijasahihishwa na mwanafunzi wangu mwenyewe, tena mbele ya darasa.

Upofu wa usiku kwa sababu ya zinki ni kweli, hilo halina ubishi. Mwaka 1978 ilionyeshwa kwa wagonjwa wa ini lililoharibiwa na pombe: walikuwa hawaoni gizani, wakapewa zinki, macho yakazoea giza tena. Lakini njia ya uhakika zaidi ni hii: vitamini A imehifadhiwa kwenye ini, na ili isafiri hadi jichoni inahitaji kubebwa na protini maalumu ya damu. Panya wakinyimwa zinki, ini lao linatoa protini hiyo kidogo. Mzigo upo ghalani, gari hakuna.

Na melanopsini ina tofauti moja kubwa na rodopsini ambayo umeiruka. Rodopsini ikishapigwa na mwanga, kipande chake cha vitamini A kinachomoka, kinapelekwa kwenye ule utando mweusi kutengenezwa upya. Melanopsini inaweza kukishikilia, na mwanga mwingine ukikipiga kinarudi kilivyokuwa. Inajichaji yenyewe, kwa lugha yenu. Sasa jiulize: kama haitegemei sana karakana ya nyuma, upungufu wa zinki utaiumiza sawasawa na unavyoiumiza fimbo?

#6 Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mzee. Nakubali, nimekula za uso. Ile hoja ya kwanza isomwe kama alivyoiweka mkemia_mstaafu. Siifuti ili watu waone nilipokosea.

Na swali lake la mwisho ndilo lililovunja lebo ya kichupa. Wenye kuuza wamechukua habari ya fimbo (zinki ikipungua huoni gizani) wakaibandika kwenye seli za saa kana kwamba ni kitu kimoja. Unaweza kuwa na upofu wa usiku na saa yako ikasoma mchana na usiku bila shida, kwa sababu ni seli nyingine, protini nyingine, na urejeshaji mwingine.

Hata ile chembe ya kwenye PER na CRY, nimeifikiria upya. Ndani ya seli zinki karibu yote imeshikwa na protini, iliyo huru ni kidogo mno, na seli inailinda kwa pampu za kuingiza na kutoa. Karibu protini moja kwa kila kumi za binadamu inashika zinki. Ukimeza kidonge hakiendi moja kwa moja kukaza kifungo cha saa. Ni kama nyumba yenye misumari elfu tatu. Nyumba inaihitaji kweli, lakini ukimwaga ndoo ya misumari sebuleni ukuta haupati uimara wowote mpya.

#7 Bundi_Mzee

Ndoo ya misumari sebuleni 😂😂 Halafu unaikanyaga usiku ukienda chooni, maana una upofu wa usiku.

#8 Sindano_na_Kichupa

Niongeze la upande wangu, nipo maabara ya hospitali.

Watu wanakuja kupima zinki ya damu bila kujua kwamba zinki yenyewe inafuata saa. Asubuhi kabla ya kula inakuwa juu, ukila inashuka, na mchana kutwa inaelekea chini. Mwaka huu nilikuwa na mama mmoja aliyepima saa mbili asubuhi akiwa hajala, jibu likawa zuri tu. Wiki iliyofuata daktari mwingine akamwandikia kipimo kile kile, akaja saa tisa mchana ametoka kula. Jibu likashuka chini ya mstari. Akaja kwangu ameshika karatasi mbili, mikono inamtetemeka, anauliza zinki yake imeenda wapi ndani ya siku saba. Haikuwa imekwenda popote. Tulirudia asubuhi, ikarudi pale pale.

Na si saa pekee. Ukiwa na homa au uvimbe wowote mwilini, ini linaivuta zinki kutoka kwenye damu, kipimo kinasoma chini hata kama unayo. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya kichupa kwa sababu sindano ilivutwa kwa nguvu, kipimo kinapanda. Hata kizibo cha mpira kisichofaa kinaweza kuchafua sampuli. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba moja ya zinki bila saa iliyochukuliwa, mwambie arudi kesho asubuhi.

#9 KichwaNgumu

Hii ya saa tisa imenigusa, mimi nimepima jioni nikaambiwa nina upungufu, nikaandikiwa vidonge papo hapo. Kumbe.

Swali la moja kwa moja bila porojo: nimeze au nisimeze?

#10 mkemia_mstaafu

Mtu mzima mwanaume anahitaji kama miligramu 11 kwa siku, mwanamke 8, na mjamzito zaidi kidogo. Hiyo kwa wanaokula mlo mchanganyiko. Anayetegemea nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde pekee anafyonza kidogo, kwa sababu kuna kitu kinaitwa faiteti kinachoifunga zinki tumboni. Kiwango cha juu ambacho Marekani wanashauri mtu asikizidi kwa matumizi ya kila siku ni miligramu 40. Kidonge chako cha 50, kijana wa zamu, kilikuwa kimeshavuka.

Ubaya wa kuvuka ni shaba. Zinki nyingi inaufanya utumbo utengeneze protini inayoikamata shaba na kuizuia isiingie mwilini. Shaba ikiisha damu inapungua na neva zinaharibika. Kuna wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ya tiba mwaka 2008 waliopoteza nguvu za miguu, wamepimwa kila kitu, mwisho ikaja kugundulika walikuwa wanapaka gundi ya meno ya bandia yenye zinki, tena kwa wingi, miaka mingi. Meno, mpaka miguu!

Wapo watakaokuja hapa na utafiti mkubwa wa macho wa Marekani uliotoka 2001, uliotumia miligramu 80. Ni kweli. Lakini ulikuwa kwa wazee wenye ugonjwa wa kuchakaa kwa kitovu cha retina uliofikia hatua fulani, wakapewa pamoja na vitamini C, E na beta karotini, na wakaongezewa shaba miligramu 2 kwa sababu hiyo hiyo niliyoisema. Hatari ya kufikia hatua mbaya ilipungua kwa karibu robo kwa miaka mitano. Hakuna mahali walipopima usingizi wala saa ya mwili.

#11 Binti_Mzani

Mimi naomba kuuliza kitu cha pembeni ila nadhani kinahusu. Baba yangu mdogo alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu. Mwezi wa pili akaanza kusema rangi zimechuja. Nilimpa kalamu mbili, yenye kofia nyekundu na yenye kofia ya kijani, akazigeuzageuza mkononi, akasema zote za kahawia. Kliniki walibadilisha dawa haraka, sasa anaona vizuri. Mtu mmoja pale akataja zinki. Kwa nini?

#12 mkemia_mstaafu

Mwanangu, ulifanya jambo la maana sana na zile kalamu. Dawa hiyo ni ethambutoli. Inajulikana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa inadhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na kupoteza nyekundu na kijani ni dalili ya mapema. Mojawapo ya maelezo ni kwamba dawa hiyo hushikana na metali, zinki na shaba zikiwemo, na seli za ganglioni ndizo zinazoumia. Isiwe sababu ya mtu kujimezea zinki juu ya dawa za kifua kikuu. Dalili ikionekana, ni kliniki, siku hiyo hiyo.

#13 Zamu_ya_Usiku

Binti_Mzani umenifungulia mlango niliokuwa nauogopa, maana upande huu zinki inageuka mhalifu.

Mwaka 2017 kuna watafiti walibana mshipa wa fahamu wa jicho la panya, kuiga ajali. Ndani ya saa moja tu zinki huru ikapanda kwenye retina. Na haikupanda kwenye ganglioni zilizoumia, ilipanda kwanza kwa majirani zao, seli za amakrini, kwenye ncha zinazogusana na ganglioni. Siku zilizofuata ikahamia kwa ganglioni zenyewe, nazo zikaanza kufa. Walipoingiza kemikali ya kuikamata ile zinki, ganglioni nyingi zikapona, na baadhi zikaanza kuotesha nyuzi upya. Nyuzi za mshipa huo kwa kawaida hazioti tena, ndiyo maana jambo hili lilishtua.

Mnaona tunapokwenda? Retina hiyo hiyo, zinki hiyo hiyo. Iliyofungwa ndani ya protini inashikilia nyumba. Iliyoachiwa huru mahali pasipostahili inaua. Anayekwambia "ongeza zinki jichoni" hajakwambia ipi kati ya hizo mbili anaiongeza.

Na cha ajabu zaidi, zile zenye melanopsini ni ngumu. Mshipa ukikatwa au ukibanwa, ganglioni za kawaida zinakufa kwa wingi, hizi zinabaki kwa kiwango kikubwa zaidi. Wapo pia wagonjwa wa Leber, ugonjwa wa kurithi unaoua ganglioni na kuacha mtu karibu haoni, ambao mboni zao bado zinajibu mwanga vizuri. Walipochunguzwa, seli za melanopsini zilikuwa zimebaki.

#14 Mpita_Njia77

Mbona kuna utafiti wa Japani wa zinki na usingizi? Tusiwe wa kupinga tu.

#15 Zamu_ya_Usiku

Upo, na sikuuficha, nilikuwa njiani. Kuna wa panya, 2015, waliopewa zinki na wakalala zaidi ule usingizi mzito usio wa ndoto. Na kuna wa binadamu wa 2017, watu 120 wenye afya, waliokula chaza wenye zinki nyingi au zinki ya hamira, wakavaa kifaa cha kupima mienendo usiku. Walichukua muda mfupi zaidi kusinzia kuliko wale wasiopewa.

Lakini soma tena: kusinzia mapema. Hakuna mahali waliposema saa imesogea. Kusinzia na kusogeza saa ni vitu viwili. Unaweza kumpa mtu kitu akasinzia saa sita mchana na saa yake bado inasema ni mchana. Mimi wa zamu nalijua hili mwilini mwangu: nasinzia kama gogo saa mbili asubuhi, saa tano niko macho kodo, ubongo unasema kumekucha. Tatizo langu ni kwamba jua la njiani wakati narudi limeshaiambia saa "asubuhi", na kidonge hakiwezi kulibishia jua.

Tangu nielewe hilo nilifanya mabadiliko mawili. Wiki ya usiku natoka kazini nimevaa miwani ya giza mpaka mlangoni, na chumbani nimeziba dirisha kwa blanketi zito. Kichupa kipo kabatini, kimebaki na vidonge ishirini na kitu. Bado silali kama mtoto, nisiwadanganye. Ila nimeongeza kama saa moja na nusu.

#16 Kalamu_Kavu

Nimesoma mwanzo mpaka hapa bila kupumua. Naomba msaada wa kweli.

Mama mkwe anaishi na sisi. Haoni kabisa, ugonjwa wa kurithi, daktari alisema fimbo na koni zote zimekufa. Usiku anatembea ndani anapapasa kuta, mchana anasinzia kwenye kiti. Sisi tunamwacha chumbani mapazia yamefungwa, tukijua mwanga haumsaidii chochote. Sasa huu uzi umenichanganya. Tumpe zinki?

#17 mkemia_mstaafu

Kama anakula vizuri na hana tatizo la utumbo au ini, sioni sababu ya zinki. Swali la maana zaidi liko kwenye yale mapazia. Zamu, mjibu.

#18 Zamu_ya_Usiku

Kalamu_Kavu, mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake waliwachukua watu vipofu kabisa wakawamulika usiku kwa taa kali huku wakipima melatonini, ile homoni ya giza. Kwa baadhi yao melatonini ilishuka, kama kwa mtu anayeona. Walikuwa hawaioni taa, lakini saa ilikuwa inaiona. Walipozibwa macho, haikushuka.

Ugonjwa ulioua fimbo na koni unaweza kuziacha ganglioni za melanopsini zikiwa hai. Kwa hiyo inawezekana mnamficha mama mwanga ambao bado anaupokea. Uliza daktari wake, na umweleze na habari ya usingizi, maana wengi hawaulizi. Angalia pia jambo moja: muda wake wa kulala unahama kila siku, unazunguka saa zote mpaka unarudi ulipoanza? Ikiwa hivyo huenda mwanga hauingii tena kwenye saa. Ikiwa umevurugika tu bila kuzunguka, kuna nafasi nzuri.

#19 Kalamu_Kavu

Hauzunguki. Ni usiku macho, mchana kusinzia, hivyo hivyo tangu tuhamie nyumba hii. Kule alikokuwa alikuwa anakaa nje asubuhi yote.

Na miwani myeusi je? Anavaa kutwa.

#20 Zamu_ya_Usiku

Asubuhi avue.

#21 Kalamu_Kavu

Nimemuuliza sasa hivi, yuko macho kama kawaida. Anasema alianza kuivaa kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia macho, yeye mwenyewe hana shida nayo. Kesho saa moja asubuhi natoka naye.